Gari Ambalo Halijawahi Kuvuka Mikumi

Kilosa, Alhamisi jioni. Baridi ya mwezi wa sita, upepo mdogo, mawingu yasiyo na nia ya mvua.

Leo nimeshindwa kutulia. Tangu asubuhi nimekaa kwenye kiti cha barazani labda mara kumi, na mara zote nimeinuka kabla hakijapata joto. Naenda kwenye gari, nafungua boneti, naangalia maji, nafunga. Narudi. Nakumbuka sikuangalia oili. Naenda tena. Mama anayeuza maandazi mbele ya geti letu ameniuliza kama kuna kitu nimepoteza. Nimemjibu kwamba nafanya mazoezi.

Safari ni Jumamosi. Tunakwenda Njombe, mimi na mama, kwa gari la marehemu baba. Tangu gari hilo liingie kwenye familia hii halijawahi kuvuka Mikumi.

Ngoja niandike kila kitu kama kilivyokuwa, nisije nikasoma haya mwakani na kujifanya shujaa.

Mama ana miaka sabini na minne na ana presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona katikati tu, pembeni kote giza, kwa hiyo akitaka kukuona usoni inabidi akugeukie kichwa kizima na kukutafuta. Mwezi wa nne daktari alituambia kwamba matone yatachelewesha tu, hayatarudisha kilichokwenda. Hakutaja muda na mimi sikuuliza. Mama aliuliza jambo moja, kama baridi ya Njombe inadhuru macho. Daktari akasema hapana. Tulikuwa bado kwenye ngazi za hospitali aliponiambia, "Skola, nipeleke nikamwone Otilia."

Otilia ni dada yake, ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lao. Hawajaonana tangu msiba wa bibi, na siku ile mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Huongea kwa simu kila Jumapili, kwa Kibena. Salamu zao za kamwene zinapishana hadi unajiuliza mazungumzo yenyewe yataanza saa ngapi. Mama anasema sauti ya Otilia anayo. Anachotaka sasa ni sura, kabla hajabaki na sauti tu.

Kaka yangu Bosco, anayeishi Dodoma, alisema tumpandishe basi, tena zuri, lenye viti vya kulala. Mama alikataa palepale. "Basi halisimami nikitaka kutazama," alisema. Kwa jicho lile moja, kitu kikipita haraka hakioni kabisa. Lazima gari lisimame, ageuze kichwa, atafute, aone. Anataka kuona njia yote. Sasa wewe niambie, kwa sababu kama hiyo unabishana vipi na mzazi?

Na hapo ndipo gari la baba lilipoingia.

Baba alikuwa mtunza stoo kule shamba la mbegu Kilangali. Alipostaafu akanunua saluni nyeupe, chakavu kidogo, yenye umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Imedumu kuliko ndoa yangu pia. Siku ya kwanza tu alitangaza mbele yetu sote kwamba gari hilo ni la kumpeleka mama kwao. Kila mwaka ukifika mwezi wa sita alianza maandalizi: analiosha, anakagua, anauliza bei ya matairi. Halafu linatokea jambo. Mwaka mmoja klachi. Mwaka mwingine rejeta. Mwaka mwingine lilitoa mlio ambao hakuuelewa. Safari ilikuwa inafupishwa inakuwa ya kwenda Mikumi, wanakula nyama choma pale barabarani, wanarudi. Mama hakuwahi kulalamika, au labda alilalamika kwa Kibena.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Gari likabaki kwenye banda la bati nyuma ya nyumba, na ufunguo ukabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nafundisha Ruhembe. Nilipata uhamisho Januari hii nikarudi kuishi na mama, na kila mtu aliniambia hilo gari halijaguswa tangu msiba.

Leseni ninayo, mwaka wa tisa sasa. Ila nani atanipa tuzo? Nimeendesha gari la shule kati ya Ruhembe na Kidodi, kwenye barabara za mashamba ya miwa, ambako hatari kubwa ni trekta lenye matela mawili ya miwa, nalo linakwenda pole kuliko mimi. Kitonga nimepanda mara tatu maishani, zote kwa basi, zote nimefumba macho. Mlima ule una kona juu ya kona, korongo upande mmoja, na malori yanayopanda kwa kukoroma huku mengine yanashuka yakinuka breki. Na Njombe huwezi kufika kutoka huku bila kupita pale.

Naogopa Kitonga. Nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu.

Maandalizi nilianza mwezi wa tano, na nilijitupa kwayo kama mtu anayedaiwa. Nilitoa kiota cha panya kwenye chujio la hewa. Nilinunua betri mpya, maana ya zamani ilikuwa imekufa kabisa. Nikabadilisha matairi yote manne kwa sababu yalikuwa na nyufa pembeni na upande wa chini yamekuwa bapa kwa kusimama. Waipa mpya, mkanda wa feni mpya, oili mpya. Pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, bima, stika, kamba ya kuvutia gari. Nilitegemea kukuta petroli iliyooza kwenye tangi, lakini ilikuwa inanuka vizuri tu. Nikamshukuru Mungu nikaendelea na mambo mengine. Sikujiuliza petroli ya miaka minne inawezaje kunuka vizuri.

Nilikuwa na haraka mno ya kutafuta ubovu. Sasa hivi naona nilikuwa nautafuta kwa hamu.

Jana Jumatano ikawa siku ya majaribio. Tuende Mikumi, kwa Fundi Chande, aliyekuwa analitengeneza gari hili enzi za baba. Alikague lote, atuambie kama linaweza safari au haliwezi. Mama akasema anakuja. Alivaa koti lake la baridi la Njombe, eti anajaribu kama bado linamtosha, akaja na kidumu cha maji cha lita tano akakiweka katikati ya miguu yake. Nilidhani ni maji ya kunywa. Nikamwambia Mikumi maji yapo. Akanijibu, "Najua."

Tuliondoka saa moja asubuhi. Karibu na Zombo ng'ombe walikuwa wanavuka, kundi kubwa, na nilipokanyaga breki gari lilivuta kulia kama lina shauri lake. Tulisimama pembe ya dume moja ikiwa sentimita chache kutoka kwenye kioo cha pembeni. Mfugaji aligonga boneti kwa fimbo, polepole, akaniambia, "Taratibu mama." Mama alikuwa amemgeukia yule dume kichwa kizima, anamtafuta, na alipompata akatabasamu.

Tulipopita Ulaya, Ulaya yetu hii yenye mashamba ya mahindi, sindano ya joto ikaanza kupanda. Nikasimama. Mvuke unatoka mbele. Nilikuwa nashuka kwenda kufungua rejeta mama aliponizuia. "Usiguse. Acha lipoe kwanza. Halafu ushike kifuniko kwa kitambaa, uzungushe nusu, usubiri." Tukasubiri. Kisha akanipa kidumu, gari likanywa zaidi ya nusu. Nikajiambia baba alimfundisha vizuri. Mimi ni mwalimu wa hisabati, jamani, na hata hapo sikujumlisha.

Fundi Chande ana gereji nyuma ya maegesho ya malori. Ni mtu wa taratibu, ana miaka hamsini na kitu. Alifuta mikono kwanza ndipo akaja kumsalimia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, habari za kazi?" Wakaulizana habari za nyumbani, akatoa pole ya msiba kana kwamba ni wa wiki iliyopita, akamkalisha kwenye kiti cha gari kilichogeuzwa kuwa benchi. Mama akageukia barabara kuu, anatazama malori.

Fundi akafungua rejeta chini. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu, mazito, na tope lilifuata. Akatoa plagi, nyeusi tii. Akagonga sailensa kwa kidole na vipande vya kutu vikadondoka ndani.

"Mwalimu, hili gari nani alikuwa analiwasha?"

Nikamwambia hakuna, limelala miaka minne. Akatikisa kichwa. Gari lililolala halina masizi haya, alisema. Hili lilikuwa linawashwa, linaachwa linguruma palepale lilipo hadi linachemka, halafu linazimwa. Halitembei, kwa hiyo sailensa haikauki, inakusanya maji na kuoza. Breki zimeganda kwa kusimama. Na kila likichemka, mtu alikuwa analiongezea maji ya bomba, mara nyingi mno, bila kulanti ya kuzuia kutu, hadi kutu na magadi vikaziba nusu ya rejeta.

"Aliyefanya hivi alidhani anasaidia," akasema.

Nikauliza kama basi, safari haiwezekani. Nilijitahidi sauti isioneshe kitu. Akaniangalia kidogo. "Inawezekana. Nina rejeta nzima hapa ya gari kama hili lililogongwa. Breki nazisafisha, nabadilisha pedi. Jioni unaondoka nalo."

Ungedhani nilifurahi. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Nikasema kwa sauti, mbele ya fundi na madereva wawili wa malori waliokuwa wanakunywa chai, "Ni mpumbavu gani huyo anayemwaga maji ya bomba kwenye gari miaka minne, analiwasha halafu halitembezi? Mtu mzima na akili zake?" Nilikuwa namfikiria Bosco, ambaye huja kila Krismasi na kujifanya anajua magari.

Fundi Chande akamtazama mama, kisha akatazama chini.

"Ni mimi, Skola," mama akasema. Hakugeuka. Aliendelea kutazama barabarani.

Nilimwita mama yangu mzazi mpumbavu mbele ya watu.

Sikujua, ndiyo. Nimejitetea hivyo tangu jana na hainisaidii, kwa sababu najua hasira ile ilitoka wapi. Haikutoka kwenye rejeta. Nilikwenda Mikumi nikiomba fundi aseme haliwezi. Nilitaka kurudi nyumbani na uso wa huzuni, nimwambie mama nimejaribu kila kitu, gari ndilo limekataa, na Kitonga ibaki huko huko iliko. Fundi aliponinyima kisingizio changu nikatafuta mtu wa kumrushia. Aliyekuwa karibu akawa mama.

Kazi ilimalizika saa kumi. Fundi alilijaribu gari barabara ya Kilosa akarudi, akanikabidhi ufunguo. "Kupanda Kitonga ni rejeta, kushuka ni breki," aliniambia. "Vyote vipo. Kilichobaki ni dereva." Akacheka. Mimi sikucheka.

Tukaondoka kurudi. Breki zilishika sawasawa, sindano ilikaa katikati, gari lilikuwa linakwenda vizuri kuliko mimi. Nilimuuliza mama kama anataka soda, akasema hapana, asante. Tulipofika akashuka, akapapasa mlango hadi akaufunga, akaniambia, "Asante kwa safari, mwalimu." Akaingia ndani.

Mwalimu. Mama yangu hajawahi kuniita mwalimu. Hivyo ndivyo anavyoniita muuza maandazi.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa nje ya nyumba yetu hatalijua. Kwetu mtoto hasafiri akiwa ameacha neno kifuani mwa mzazi. Mama alikuja nalo kutoka Ubena, na baba, ambaye baba yake aliletwa Kimamba kukata mkonge, naye alilelewa hivyo hivyo kwenye kambi za manamba. Aliyekosa anapiga magoti, anataja kosa kwa jina lake bila kulifunika, halafu mzazi anachukua maji mdomoni na kumpulizia. Maji yakishatoka mdomoni, neno nalo limetoka. Nilifanyiwa siku moja kabla ya kwenda chuo, kwa kosa ambalo sitaliandika hapa. Bila maji hayo mama hapandi gari. Na hatasema sababu. Jumamosi asubuhi atasema tu kwamba kiuno kinamuuma, twende siku nyingine.

Kwa hiyo leo asubuhi niliamka nikiwa nimepewa zawadi.

Ninyamaze tu. Ndicho kilichotakiwa. Nisimuombe msamaha hadi Jumamosi ipite, likizo ya shule iishe, na safari ife yenyewe bila mtu kuiua. Hakuna ambaye angenilaumu. Gari zima, breki mpya, binti yuko tayari, mama ndiye kiuno kinamuuma. Hata baba hakuwahi kupata kisingizio kizuri namna hiyo.

Ndiyo maana nilikuwa nazunguka siku nzima. Boneti ilikuwa mahali pa kupeleka mikono. Mchana nimepika wali na maharage, tumekula, amenishukuru kwa chakula. Nimeosha vyombo, nikaviosha tena. Nimepanga pembetatu kwenye buti, nikazitoa, nikazipanga upande mwingine. Nimepima upepo wa matairi ambayo nilipima jana.

Saa tisa simu ya mama ikaita. Nilikuwa bandani, karibu na dirisha lake, nafuta kioo cha gari kisichokuwa na uchafu. Otilia hasikii vizuri kwenye simu siku hizi, kwa hiyo mjukuu wake huwa anashika simu na kumpigia kelele sikioni. Mama aliongea Kibena kidogo, akacheka kidogo, kisha nikamsikia akimwambia yule mjukuu kwa Kiswahili, taratibu, "Mwambie bibi yako asitoe godoro juani kwanza. Asubiri. Nitamwambia."

Godoro. Kule Otilia anatandika godoro la wageni, na kwa baridi ile lazima ulianike siku nzima kabla mgeni hajaja. Bibi wa miaka themanini na kitu alikuwa ameshapanga siku ya kulitoa. Na mama yangu, ambaye hana uhakika kama mwakani jicho litakuwepo, anamwambia asubiri, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeahirisha kwenda sokoni.

Nililia pale pale, kitambaa cha kioo mkononi. Nilijiona mtu mbaya, na sioni sababu ya kuliandika hilo kwa maneno mazuri zaidi.

Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, simu mapajani. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nikasema, "Mama, jana nilikuita mpumbavu mbele ya watu. Naomba unisamehe."

Akageuza kichwa, akanitafuta, akanipata.

"Ni hilo tu?"

Angeweza kuishia hapo, na mimi ningeweza. Lakini kosa linatajwa kwa jina lake, na nilijua jina lake si lile neno tu.

"Naogopa Kitonga, mama. Nilitaka gari likatae. Lilipokubali nikakasirika."

Akacheka. Si kidogo, alicheka hadi akafuta jicho lile bovu. Ndipo akaniambia kitu ambacho hajawahi kumwambia yeyote kati yetu. Baba naye alikuwa anaogopa Kitonga. Alipita pale mara moja kwa gari la kazi, akarudi hali chakula siku mbili. "Gari hili halijawahi kuumwa," mama alisema. "Klachi nzima, rejeta nzima. Kila mwezi wa sita aliyekuwa anaumwa ni yeye. Ningemwambia nini? Mwanaume ana aibu zake. Nikawa nakula nyama ya Mikumi."

Nikamuuliza kwa nini sasa alikuwa analiwasha. Baba alimfundisha kuwasha tu, kuendesha hakumfundisha. Akaniambia kwamba baada ya msiba, kila Jumapili akitoka misa ya pili alikuwa anachukua ufunguo msumarini, anaingia, anawasha, anakaa. Likichemka analizima, likipoa analipa maji. Petroli alikuwa anamtuma kijana wa bodaboda na kidumu. Nilipohamia Januari akaacha, kwa sababu aliona aibu nimkute. Kumbe ndiyo maana betri ilikufa.

Nilidhani atasema alikuwa anamkumbuka baba. Labda na hilo lilikuwemo. Alichosema ni hiki: "Nilijua iko siku mmoja wenu atapata moyo. Sikutaka akute gari limekufa."

Miaka minne, kila Jumapili. Na mimi nikaita upumbavu.

Akaniambia nilete maji. Nikampa kikombe cha maji ya bomba. Akachukua funda moja, akanipulizia kichwani, na la pili kifuani. Yalikuwa ya baridi na sikuyafuta. Kisha akainuka na kikombe chake, akashika ukuta, akatoka nyuma hadi bandani. Nikamfuata bila kuuliza. Akapapasa boneti, akachukua funda la mwisho, akalipulizia gari mbele, kuanzia taa hii hadi taa ile.

"Nje tu," akasema. "Ndani sitii tena."

Tukacheka wote wawili hadi muuza maandazi akaja kuchungulia.

Jua linazama sasa. Bado naogopa, tusidanganyane. Nimeshapanga: tunatoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, tunapita Mikumi bila kusimama, hata nyama hatuli. Kitonga tunapanda gia ya pili, nyuma ya lori lolote litakalokuwa mbele, na atakayepiga honi nyuma yangu apige hadi achoke. Juu kule kuna mahali pa kuegesha. Nitasimama, mama ageuze kichwa, atafute bonde lote, aone. Miguu yangu ikigoma nitaishusha chini, nitembee, nipande tena.

Ufunguo nimeurudisha msumarini, kisha nimekwenda kuutazama mara mbili.

Nilipokuwa naanza kuandika, mama alipiga simu Njombe. Nimemsikia kupitia ukuta, kwa Kiswahili, kwa yule mjukuu. "Mwambie bibi yako kesho jua likitoka, atoe godoro."

Basi. Godoro likishatoka, mimi siwezi tena kusema gari linaumwa.